Greenstone kwa maktaba ndogo: kujenga mkusanyiko wa kidijitali kwa programu huria

Kila inapozuka habari ya kuweka nyaraka za maktaba kwenye kompyuta, wakutubi wenzangu huniuliza kwanza watumie programu gani, na jibu wanalolitarajia ni DSpace, programu nyingine huria ya hazina za kidijitali, kwa kuwa ndiyo wanayoiona katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki. Jibu langu huwashangaza wengi. Kwa maktaba ndogo yenye kompyuta moja au mbili, umeme wa kukatikakatika, intaneti ya vifurushi na mfanyakazi mmoja anayepokea magazeti asubuhi na kupanga vitabu rafuni jioni, mimi ningeanza na Greenstone. Ni programu yenye umri mkubwa na sura ya kizamani, wala haina makeke, lakini kuna kazi moja inayoifanya vizuri sana: inachukua folda ya nyaraka na kuigeuza kuwa mkusanyiko unaotafutika na kusomeka kwa kivinjari cha kawaida, hata pale ambapo intaneti haipo kabisa.

Greenstone ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Waikato, mjini Hamilton, Nyuzilandi, ndani ya mradi wa maktaba ya kidijitali ulioanza mwaka 1995 na ambao Profesa Ian Witten alikuwa mstari wa mbele kuuongoza. Mwaka 2000 UNESCO na Human Info, shirika lisilo la kiserikali la Antwerp nchini Ubelgiji, ziliungana na chuo hicho kuiendeleza na kuisambaza. Ushirika huo ndio ulioipa programu hii tabia yake. Human Info ilikuwa na mkusanyiko wa machapisho ya maendeleo yanayohusu kilimo, afya, maji, ufugaji na ujenzi wa gharama nafuu, takriban vitabu na majarida 1,230 ambayo kwa karatasi yangekuwa na uzito wa kilo 340, na ilitaka kuyafikisha kwa watu wasio na intaneti kwa kuyaweka yote kwenye CD moja. Kwa hiyo waliounda Greenstone walilazimika tangu mwanzo kumfikiria msomaji mwenye kompyuta kuukuu na dhaifu, aliye mbali na mji, asiye na fundi wa kumwita. Programu nyingi zilizokuja baadaye zilimfikiria mtu mwingine kabisa, naye ni mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa na chuo na mwenye seva inayowaka usiku na mchana.

Programu hii hutolewa bure chini ya leseni ya GNU GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Watu wengi wakisikia neno "huria" husikia "bure" peke yake, na kwa bajeti za maktaba zetu hilo si dogo, maana ipo mifumo ya kulipia ambayo ada yake ya mwaka mmoja ingemaliza fungu lote la vitabu. Hata hivyo mimi naona faida kubwa iko penginepo. Msimbo wote uko wazi, kwa hiyo maktaba haifungwi na muuzaji anayeweza kufunga duka lake kesho na kuondoka na ufunguo. Tena maneno yanayoonekana kwenye kiolesura yamewekwa katika faili za maandishi zilizotengwa na msimbo wenyewe, na mkutubi asiyejua kuandika programu anaweza kuzifungua akatia Kiswahili chake, "Tafuta", "Waandishi", "Mada", "Ukurasa unaofuata", bila kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa mtu.

Kazi hufanyika katika dirisha linaloitwa kiolesura cha mkutubi, ambalo limegawanywa katika sehemu zinazofuata mtiririko wa kazi yenyewe: kukusanya faili, kuzitajirisha kwa maelezo, kusanifu mkusanyiko, kuujenga, kisha kupanga namna utakavyoonekana kwa msomaji. Faili unazozileta huwekwa katika folda iitwayo import. Ukibonyeza kitufe cha kujenga, Greenstone huzipitia moja baada ya nyingine kwa msaada wa programu-jalizi, kila aina ya faili ikiwa na yake: ya PDF, ya Word, ya kurasa za tovuti, ya picha, hata ya rekodi za MARC, yaani muundo ambao katalogi za maktaba huhifadhiwa nao kwenye kompyuta, kutoka katika katalogi ya zamani. Zote hugeuzwa kuwa muundo mmoja wa ndani unaohifadhiwa katika folda ya archives, na kutokana na huo hutengenezwa faharasa ya maneno pamoja na orodha za kuperuzi. Hakuna siri hapo, na ndiyo sababu naipenda: ukifungua folda za mkusanyiko kwa macho yako unaona kila kitu kilipo, na maelezo uliyoyaandika yamo katika faili za XML zinazosomeka kwa programu yoyote ya kuandikia.

Hayo maelezo, yaani metadata, ndiyo kazi yenyewe. Kusakinisha Greenstone ni shughuli ya mchana mmoja. Kueleza nyaraka mia tano kwa uangalifu ni shughuli ya miezi, na mpango wowote wa fedha unaotenga mamilioni kwa skana na kompyuta bila kumtengea senti mtu wa kuandika maelezo utaacha nyuma yake rundo la faili zenye majina kama scan0047. Kwa kawaida Greenstone hukupa vipengele 15 vya Dublin Core, kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, yaani kichwa, mtunzi, mada, tarehe, lugha, haki na vinginevyo, navyo vinatosha kwa maktaba nyingi. Ugumu hauko katika kuvijaza, uko katika kuvijaza kwa namna ileile kila siku.

Nitoe mfano mmoja. Ukitaka orodha ya waandishi, Greenstone huijenga kutokana na yale uliyoyaandika katika kipengele cha mtunzi, herufi kwa herufi, wala haijui kwamba mtu ni mmoja. Tuseme una vitabu na makala za Shaaban Robert. Jumatatu umeandika "Shaaban Robert", Jumatano msaidizi wako aliyesomea ukutubi ameandika "Robert, Shaaban" kama alivyofundishwa, na Ijumaa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo amenakili jalada lililochapwa "Shaban Robert". Msomaji atakapofungua orodha atakuta waandishi watatu, mmoja chini ya R na wawili chini ya S, kila mmoja na vitabu vyake vichache, naye ataondoka akidhani maktaba haina zaidi ya hivyo alivyoviona. Dawa yake ni ya kikutubi kabla ya kuwa ya kompyuta: amueni umbo moja la jina, liandikeni katika daftari linalokaa kando ya kibodi, na kila anayeingiza maelezo alitazame kwanza. Kiolesura chenyewe husaidia kidogo, kwa kuwa hukumbuka thamani zilizokwisha kuingizwa na kuzionyesha uchague badala ya kuandika upya. Asiyetazama upande huo wa dirisha, hata hivyo, hatazuiwa na chochote. Tarehe nazo ni vivyo hivyo. Greenstone inazitaka kwa tarakimu zianzie na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 19250301, na ukiandika "Machi 1925" orodha ya miaka itakuyumbia.

Mkusanyiko ambao ningemwonyesha mtu yeyote anayetilia shaka uwezo wa programu hii ni ule wa Niupepa, magazeti ya lugha ya Kimaori yaliyochapishwa kati ya mwaka 1842 na 1932. Ni kurasa zaidi ya 17,000 kutoka magazeti 34, nyingi zikiwa kwa Kimaori peke yake. Msomaji huandika neno, hupata kurasa lilimotokea, na kwa kila ukurasa anaweza kusoma matini yaliyochapwa upya au kutazama picha ya ukurasa wenyewe kama ulivyotoka mitamboni, pamoja na madoa yake. Baadaye Papers Past, hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Nyuzilandi, nayo iliendeshwa kwa Greenstone ikiwa na kurasa zaidi ya milioni moja. Anayesema kwamba ni programu ya kuchezea hajapata habari hiyo.

Ninapoitazama Niupepa siwezi kuacha kufikiria magazeti yetu wenyewe. Msimulizi lilitoka Kiungani, Zanzibar, kuanzia mwaka 1888. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na humo Shaaban Robert aliyemaliza kunisaidia kwa mfano alichapisha baadhi ya mashairi yake. Kumjengea msomaji wa Kiswahili kitu cha namna ya Niupepa hakuhitaji uvumbuzi mpya. Kuna programu-jalizi ya picha zenye kurasa, na inachohitaji kwa kila toleo la gazeti ni faili fupi ya maandishi yenye mwisho wa .item: juu unaandika jina la gazeti na tarehe, kisha kila mstari unabeba namba ya ukurasa, jina la faili ya picha na jina la faili ya matini yake, vikitenganishwa kwa nukta mbili. Mtu mwenye subira anaweza kuziandika faili hizo kwa mkono. Mwenye ujanja kidogo wa lahajedwali anazitoa kwa wingi. Ukijenga, msomaji anapata gazeti analolifunua ukurasa baada ya ukurasa.

Matini hayo hupatikana kwa programu ya kutambua herufi kutoka kwenye picha, na hapa pia ipo ya huria, Tesseract, iliyotengenezwa na HP katika miaka ya 1980 na 1990 na kuachiwa huria mwaka 2005, ambayo ina data za Kiswahili. Kwa vitabu vilivyochapwa vizuri matokeo yake ni ya kuridhisha. Kwa magazeti ya zamani yenye wino uliofifia na safu nyembambanyembamba, tegemeeni kuhariri. Naonya pia dhidi ya kosa linalorudiwarudiwa katika warsha za mafunzo: PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye skana ni picha tu iliyovikwa joho la PDF, haina neno hata moja ndani yake, na Greenstone ikiipitia haitapata cha kuweka katika faharasa. Mkusanyiko utajengwa, kichwa kitaonekana katika orodha, lakini kila utafutaji wa maneno ya ndani utarudi mtupu. Kabla ya kuingiza PDF yoyote, ifungue na ujaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Ikikataa, irudishe kwenye utambuzi wa herufi kwanza.

Utafutaji ndipo mahali ambapo Kiswahili kinaonekana kuwa hakikualikwa mezani. Greenstone hukuruhusu kuchagua injini ya faharasa, kati ya MG, MGPP na Lucene, na ina chaguo la kulinganisha maneno kwa shina lake, ili anayetafuta neno moja apate na ndugu zake. Chaguo hilo lilitengenezwa kwa kuzingatia Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika mkiani, kwa hiyo kinachokatwa ni mkia. Sisi maneno yetu hubadilika kichwani. Anayetafuta "mkulima" hatapata ukurasa wenye "wakulima", anayetafuta "kitabu" hatapata "vitabu", na kitenzi kama "kulima" kina sura nyingi mno kuziorodhesha: walilima, tunalima, palipolimwa. Nyota ya kukamilisha neno nayo huwekwa mwishoni, na Lucene kwa kawaida haipokei nyota mwanzoni mwa neno, mahali ambapo sisi tungeihitaji zaidi.

Nimeona watu wakilipuuza jambo hili kwa kusema kwamba msomaji atazoea. Msomaji hazoei, anaacha. Njia ninayoitumia ni ya mkono na si nzuri sana, lakini inafanya kazi. Kwanza, katika kipengele cha mada naandika umbo la umoja na la wingi kwa kila neno kuu, "mkulima" na "wakulima", "zao" na "mazao", nikikubali kwamba orodha ya mada itarefuka. Pili, katika ukurasa wa kwanza wa mkusanyiko naweka maelezo mafupi yanayomwambia msomaji aandike maneno yote mawili akiyatenganisha kwa mstari wima, alama ambayo katika utafutaji wa hali ya juu wa MG na MGPP ina maana ya "au". Tatu, kabla ya kuchagua injini naijaribu kwa neno lenye ritifaa. Zipo injini zinazoiona alama hiyo kuwa mpaka wa neno, na hapo "ng'ombe" huchanwa kuwa "ng" na "ombe". Isitoshe ritifaa iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda ya Word ni herufi mbili tofauti machoni pa kompyuta. Kwa mkusanyiko wa vijitabu vya ufugaji hilo si jambo la pembeni. Programu ikiwa huria, wanafunzi wa isimu na wa kompyuta katika vyuo vyetu wanaweza kuandika kichambuzi cha maneno kinachokijua Kiswahili na kukiunganisha na Lucene, na ningependa kuona tasnifu moja ya namna hiyo kuliko kumi zinazopima "mtazamo wa wakutubi kuhusu matumizi ya TEHAMA".

Kuhusu DSpace niseme kwa haki. Ilitoka mwaka 2002 kwa ushirikiano wa chuo cha MIT na maabara za HP, na kwa hazina ya tasnifu za chuo kikuu ni chaguo bora kuliko Greenstone, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuwasilisha kazi yake mwenyewe, msimamizi akaipitia, mkutubi akaikubali, na kila hatua ikaandikwa. Greenstone haikukusudiwa kufanya hivyo. Lakini DSpace hutaka hifadhidata ya PostgreSQL, injini ya Solr, Java na, tangu toleo la 7 la mwaka 2021, kiolesura kinachoendeshwa kama programu ya pekee, na vyote hivyo vinahitaji seva yenye kumbukumbu ya kutosha na mtu wa kuvihudumia. Nimeziona hazina zilizozinduliwa kwa hotuba na keki zikizimika kimya fundi wa mkataba alipoondoka. Greenstone haina madai hayo. Toleo la 3 huja na seva yake ndogo ya Tomcat ndani, unaiwasha kama unavyowasha programu nyingine yoyote, na kompyuta nyingine za chumba kilekile huifikia kwa kebo au waifai ya ndani isiyohitaji kifurushi.

Koha nayo hutajwa kila mara katika mazungumzo haya, pengine kwa sababu inatoka Nyuzilandi vilevile, ilikotengenezwa mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua na kuanza kutumika Januari 2000. Hiyo ni ya katalogi na kuazimisha vitabu vya karatasi. Haishindani na Greenstone hata kidogo. Maktaba inaweza kuwa nazo zote mbili, na rekodi za MARC zikahamishwa kutoka moja kwenda nyingine.

Zipo kasoro nyingine ambazo mtu azijue kabla hajaanza. Kiolesura cha msomaji, kikiachwa kama kilivyokuja, kinaonekana cha zamani, na kukipamba kunahitaji mtu anayejua CSS na, kwa toleo la 3, XSLT, ambazo ni lugha za kompyuta za kupangia sura ya kurasa. Mkusanyiko mkubwa huchukua muda mrefu kujengwa upya, kwa hiyo usibonyeze kitufe hicho dakika tano kabla ya mgao wa umeme. Baadhi ya faili za PDF za kisasa huikwaza programu-jalizi ya kawaida na hudai nyongeza. Suala la haki halimo ndani ya programu yoyote: kabla ya kuskani kitabu ambacho mwandishi wake au mchapishaji wake bado ana haki, ombeni ruhusa kwa maandishi, na jibu lake liingizeni katika kipengele cha haki ili atakayekuja baada yenu asihangaike kuuliza.

Jambo la mwisho ni la nakala za akiba, ambalo katika Greenstone ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji kunakili mkusanyiko mzima uliojengwa. Vinavyohitajika ni folda ya import, ambamo zimo nyaraka zenu pamoja na faili za metadata, na folda ndogo ya etc, ambamo umo usanifu wa mkusanyiko. Vyote vilivyobaki, faharasa ikiwemo, programu itavijenga upya kutokana na hivyo viwili kwenye kompyuta nyingine yoyote. Sisi tunaziweka kwenye diski mbili za nje kila Ijumaa mchana, moja inabaki kabatini na nyingine inalala katika jengo jingine, na majina yake yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito ili wiki inayofuata zibadilishane bila mtu kulazimika kukumbuka.